Mita ya volti inayocheza: dhana potofu na ukweli

Niliunda kimita cha volti cha kulinda friji ya jirani hapa Uyole, Mbeya: transfoma ndogo ya kushusha volti 230 hadi 9, dayodi nne za kugeuza AC (umeme unaobadili mwelekeo) kuwa DC (wa mwelekeo mmoja), kapasita ya kuhifadhi chaji na kutuliza volti, rezista za kugawa volti, kisha Arduino, bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu. Namba zikawa zinaruka, 231, 214, 226, ilhali testa (mita ya mkononi ya kupimia umeme) kwenye soketi imetulia. Nilipozunguka Mwanjelwa kutafuta vipuri, nilirudi na ushauri mwingi kuliko vipuri vyenyewe.

"Weka kapasita kubwa, itatulia."
Hii ndiyo iliyonipotezea muda. Nilitoa ya mikrofaradi 10 nikaweka 4700, na kweli namba zikatulia kama maji ya mtungini. Jioni mashine ya kusaga ya jirani ikawashwa, taa zikafifia, testa ikashuka hadi 190 kwa sekunde mbili hivi. Kimita changu kilikuwa bado kinasoma 220. Mlinzi kalala! Hesabu yake ni nyepesi: rezista zangu jumla ni kiloomu 10, zidisha kwa mikrofaradi 4700, unapata sekunde 47, na huo ndio muda wa kapasita kumwaga sehemu kubwa ya chaji yake. Ukiweka mikrofaradi 100, inakuwa sekunde 1, na viwimbi, yaani kupanda na kushuka kwa volti kunakobaki baada ya dayodi, vinabaki kama asilimia 1, sawa na volti mbili hivi kwenye namba ya soketi ambayo kimita kinaonyesha. Hizo mbili nazimalizia kwenye programu: nasoma mfululizo kwa milisekunde 100, natafuta wastani. Umeme wetu ni wa hezi 50, dayodi nne zinatoa viwimbi 100 kwa sekunde, kwa hiyo humo mna viwimbi 10 kamili, vya juu vinafuta vya chini.

"Testa inaonyesha DC safi, kwa hiyo hakuna viwimbi."
Testa ikiwa kwenye DC inakupa wastani tu. Igeuze AC, upime palepale kwenye kapasita. Testa nyingi za bei rahisi hazizuii DC zikiwa kwenye AC, kwa hiyo unganisha kapasita ya mikrofaradi 0.1 mfululizo na waya mwekundu. Kama ina kipimo cha hezi, ndiyo raha yenyewe: ikisoma 100, daraja (zile dayodi nne) ni zima, ikisoma 50, kuna dayodi imekatika, au risasi ya kulehemu haikushika. Yangu iliwahi kusoma 50, na kosa lilikuwa risasi.

"Baridi ya Juni inaua kapasita."
Joto ndilo linaloikausha. Ile uliyochomoa kwenye redio ya zamani huenda ilishakauka kabla hujaigusa.

"Transfoma ya nini? Unga moja kwa moja."
Volti 230 za soketi zina kilele cha 325, na kapasita hubaki na chaji hata plagi ikishachomolewa. Hapo tena saketi nzima, mpaka waya wa kompyuta unaopakia programu, inakuwa upande wa umeme mkubwa. Mimi siungi.