Supamaketi, sokoni au kwa Mangi? Dhana potofu kuhusu bei za vyakula Dar es Salaam

Mwambie mkazi wa Dar es Salaam kwamba sukari ya supamaketi wakati mwingine ni nafuu kuliko ya dukani kwa Mangi, yule mwenye duka dogo la mtaani, atakucheka. Mwambie tena kwamba maharage ya sokoni huenda yanamtoka ghali kuliko anavyodhani, ataondoka zake. Tumeshayagawa maduka: lile la matajiri, hili la kwetu. Mgawanyo huo ndio unaotupotosha, maana hakuna duka lililo rahisi kwa kila kitu, na bei haikuambii chochote mpaka ujue ni ya kilo ngapi au lita ngapi.

Dhana: Supamaketi kila kitu ni ghali

Kwa mbogamboga, mara nyingi ni kweli. Mchicha uliopangwa kwenye friji umebeba gharama ya umeme, pango, mishahara, na ya mafungu mengine yaliyonyauka yakatupwa. Mama wa genge hana mizigo hiyo. Anauza vya leo leo, na giza likiingia anashusha bei ili asilale navyo. Wengine husingizia VAT, kodi ya ongezeko la thamani, lakini mazao ghafi ya shambani yamesamehewa kodi hiyo. Ile asilimia 18 ya Tanzania Bara huangukia zaidi bidhaa za viwandani.

Na kwenye bidhaa hizohizo za viwandani ndiko mambo yanakogeuka. Mangi huchukua katoni mbili tatu kwa muuzaji wa jumla, ambaye naye amechukua kwa wakala. Kila mmoja ameweka chake juu. Supamaketi yenye matawi kadhaa huenda kwa wakala mkuu au kiwandani moja kwa moja, hubeba mzigo mkubwa na mara nyingi hulipa baadaye. Ndiyo maana sabuni ya unga, tambi, majani ya chai au dawa ya meno unaweza kuzikuta chini ya bei ya mtaani. Kuna na bidhaa chache ambazo supamaketi huziuza karibu na bei ya kununulia, tena kwa makusudi: sukari, mafuta ya kula, mkate. Hizo ni za kukuingiza mlangoni. Faida wataitafuta kwenye biskuti na juisi utakazookota ukielekea kaunta.

Hata hivyo ukubwa peke yake haujawahi kumshinda Mangi. Shoprite ya Afrika Kusini iliyauza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014, Uchumi, nayo supamaketi ya Kenya, ikafunga yake mwaka uliofuata, na baadaye Nakumatt yenyewe ikasambaratika. Mangi yupo palepale, na anakopesha.

Dhana: Sokoni ni rahisi, hakuna haja ya kupiga hesabu

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa sababu sokoni vitu vingi havipimwi kwa uzito. Kuna fungu, kuna sado, kuna debe, kuna kopo lililobonyezwa kitako. Huwezi kulinganisha fungu la nyanya la Buguruni na kilo ya nyanya ya supamaketi kwa kutazama bei tu. Ni vitu viwili tofauti. Fungu lenyewe hubadilika. Msimu ukiwa mbaya bei hubaki ileile, ila nyanya sita zinakuwa nne, na mnunuzi anarudi nyumbani akisema bei haijapanda.

Sado ni ile ndoo ya rangi ya lita nne. Ikijazwa mahindi makavu yaliyosawazishwa juu hubeba takribani kilo tatu. Mpimaji akikujazia mpaka ikafanya kilima, utapata zaidi. Mahindi yakiwa mabichi kidogo, sehemu ya uzito wake ni maji unayolipia. Debe ni hivyohivyo. Gunia la kilo 100 la mahindi huhesabiwa debe sita, yaani debe moja ni kama kilo 17, ila kila mpimaji ana mkono wake. Njia ya kutoka humo ni moja: nunua mizani ndogo ya jikoni au ya kuning'iniza, pima unachonunua kila mara, na baada ya muda mfupi utajua sado ya mtu wako ni kilo ngapi hasa. Wachache wanafanya hivyo. Wengi wanaogopa kuonekana wabahili, nami sioni kwa nini mtu aone haya kujua alichonunua.

Mizani ya muuzaji nayo ina sheria yake. Wakala wa Vipimo hutakiwa kuihakiki kila mwaka na kuibandika stika. Kabla nyama haijawekwa juu yake, tazama kama mshale uko kwenye sifuri. Wakala huohuo ndio unaopambana na lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilemba juu na kuvuka kilo 100 zinazoruhusiwa. Watu husema lumbesa humpunja mkulima lakini humsaidia mlaji wa mjini. Si kweli. Mfanyabiashara hununua viazi kwa lumbesa shambani, akifika mjini anaviuza kwa kilo au kwa sado. Kile kilemba kimebaki mfukoni mwake.

Dhana: Pakiti kubwa lazima iwe nafuu

Mara nyingi, ndiyo. Lazima, hapana. Tuseme unga wa kilo 2 unauzwa 3,600, na mfuko wa kilo 5 wa unga uleule ni 9,250. Wa kwanza ni 1,800 kwa kilo, wa pili ni 1,850. Kampuni zinajua kwamba mkono wetu unakwenda wenyewe kwenye mfuko mkubwa. Simu yako ina kikokotoo: gawa bei kwa gramu, zidisha mara 1,000, basi.

Mafuta ya kula yana mtego wa peke yake, kwa sababu mengine huuzwa kwa lita na mengine kwa kilo. Lita moja ya mafuta haifiki kilo moja. Ni takribani gramu 920. Kwa hiyo mafuta ya 6,000 kwa lita ni kama 6,520 kwa kilo, na yale ya jirani yaliyoandikwa 6,300 kwa kilo ndiyo rahisi. Soma maandishi madogo ya kwenye dumu kabla ya kusoma bei.

Tazama pia gramu za vitu ulivyozoea. Pakiti inabaki na rangi ileile na bei ileile, ndani imepungua. Hilo si wizi maadamu uzito umeandikwa, lakini wanategemea hutausoma.

Dhana: Ofa ni ofa

Linganisha na bei ya wiki iliyopita, si na ile iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Kama ni maziwa au mtindi, geuza uone tarehe ya mwisho. Na ukifika kaunta, hakikisha kompyuta nayo imeisikia ofa hiyo. Dai risiti, isome kabla ya kutoka.

Dhana: Ukienda soko kubwa umeokoa

Kariakoo, Tandale kwa nafaka, Feri kwa samaki: bei zao kweli ziko chini. Lakini chukua nauli ya 600 ya safari fupi ya daladala, kama LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilivyoipanga Desemba 2023. Kwenda na kurudi ni 1,200. Kama mchele wa huko umepungua shilingi 200 kwa kilo, kilo sita za kwanza zimelipa nauli tu. Ukirudi na bajaji kwa sababu ya mzigo, hesabu inaanza upya. Safari kama hiyo inafaa kwa manunuzi ya mwezi, na inafaa zaidi kama ulikuwa unapita huko kwa shughuli nyingine.

Dhana: Ukiwa na hela, nunua gunia

Wakati wa kununua huzidi mahali pa kununua. Mchele na mahindi hushuka bei kuanzia mavuno ya katikati ya mwaka, kisha mara nyingi hupanda kadiri akiba inavyopungua kuelekea Januari na Februari. Anayenunua gunia Julai ana nafasi nzuri ya kuokoa kuliko anayezunguka maduka matano Februari.

Ila gunia linataka pa kukaa. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, yakizidi, yanaota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na kuyapika hakuiondoi. Dumuzi, wadudu wa nafaka, nao hawana huruma. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia, mradi nafaka iwe imekauka kabla ya kufungwa. Kama huna sehemu kavu, nunua kidogo.

Wanaopeleka mahindi mashine wakumbuke jambo jingine. Ukisaga dona, karibu kila kilo unairudisha nyumbani, lakini dona haikai sana kwa sababu mafuta ya kiini huchacha. Ukikoboa kupata sembe, pumba zinatoka, kwa hiyo kilo 100 za mahindi hazikupi kilo 100 za unga. Toa pumba, ongeza gharama ya mashine, ndipo ulinganishe na unga wa pakiti. Pumba zenyewe wafugaji wa kuku wanazinunua. Usiziache mashineni bure.

Dhana: Kununua kidogo kidogo ni kukosa akili

Wanaosema hivi ni watu wa mshahara wa mwezi. Anayelipwa kwa siku hawezi kuweka gunia. Mafuta ya kupima ya shilingi 500 ndiyo yanayoendana na kipato chake, hata kama kwa lita analipa zaidi. Kumwambia "nunua jumla" ni kumpa ushauri usiolika. Linalowezekana ni familia nne za nyumba moja ya kupanga kuchangia gunia la mchele au dumu la mafuta la lita 20 na kugawana siku hiyohiyo, kwa mizani, mbele ya wote. Bila mizani watagombana.

Dhana: Serikali ndiyo inayopanga bei

Ya petroli, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Sukari ilipoadimika mapema 2024 baada ya mvua kuvuruga uzalishaji, ilipangiwa bei elekezi. Nyanya, vitunguu na mchele havina kitu hicho, ni soko na maelewano. Wizara inayosimamia biashara, hata hivyo, hutoa bei za jumla za mazao makuu kwa kilo 100, mkoa kwa mkoa. Gawa kwa 100 upate bei ya kilo. Muuzaji anayekuuzia maharage mara mbili ya bei hiyo unaweza kumuuliza kwa heshima, na mara nyingi atacheka, kisha atapunguza.

Dhana: Kuku wa sokoni ni rahisi

Huyu wa sokoni huuzwa kwa kichwa, wa supamaketi kwa kilo, ndiyo maana mabishano hayaishi. Broila hai wa kilo mbili akichinjwa na kusafishwa hubaki karibu kilo moja na nusu. Tuseme umemnunua 9,000, ukalipa 500 ya kumnyonyoa: kama amebaki kilo 1.45, umelipa takribani 6,550 kwa kilo. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo supamaketi. Kule, kuku aliyegandishwa anaweza kuwa na barafu ndani ya mfuko. Mpime tena akishayeyuka. Kwa nyama ya ng'ombe ni vilevile: usilinganishe steki ya supamaketi na mchanganyiko wa buchani wenye mifupa, linganisha steki kwa steki. Na ukimchukua kuku sokoni, hakikisha filigisi na miguu vimerudi kwenye mfuko wako, maana supamaketi hivyo vinauzwa peke yake.