Maji yalipanda, lakini jibu halikuwa sahihi

Dhana: Mtoto akifanya jaribio kwa mikono yake, ataelewa tu.

Chukua lile jaribio maarufu la mshumaa. Unausimamisha kwenye sahani yenye maji, unauwasha, unaufunika kwa glasi. Moto unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi, darasa linapiga makofi. Mwalimu anahitimisha: oksijeni imekwisha, maji yamechukua nafasi yake. Wote wameona kwa macho yao, na wote wametoka na jibu lisilo sahihi!

Moto huzimika oksijeni nyingi ikiwa bado imo, na ile iliyotumika huacha hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Kinachoyapandisha maji hasa ni joto. Mwali huipanua hewa, na sehemu yake hutoka nje, wakati mwingine kwa mapovu. Moto ukizimika, iliyobaki hupoa na kusinyaa, na hewa ya nje huyasukuma maji ndani. Unabisha? Washa mishumaa mitatu chini ya glasi ileile. Oksijeni haijaongezeka, ila maji hupanda juu zaidi. Swali la "kwa nini?" linalofuata hapo ndilo somo lenyewe.

Dhana: Mtoto huja darasani hajui lolote la sayansi.

Laiti ingekuwa hivyo, kazi ingekuwa nyepesi. Mwaka 1992 wanasaikolojia Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa shule ya msingi nchini Marekani. Wengi walisema dunia ni duara. Walipodadisiwa, baadhi yao walikuwa na picha ya mpira wenye uwazi, watu wakiishi ndani yake juu ya sakafu bapa. Hawakuwa wamempinga mwalimu. Walikuwa wameyashona maneno yake na ardhi wanayoikanyaga kila siku.

Dhana: Kuna watoto wa kuona, wa kusikia na wa kushika, kila mmoja afundishwe kwa njia yake.

Ushahidi wa kutosha haupo. Ukifundisha sehemu za ua la mmea, mchoro huwafaa wote.

Dhana: Kuwauliza watabiri matokeo kabla ya jaribio ni kupoteza muda.

Dakika hizo tano ndizo ningezitetea kuliko vifaa vyote. Chukua jaribio la kuelea na kuzama: kabla chochote hakijatiwa majini, kila mmoja aandike kipi kitaelea na kwa sababu gani. Aliyeandika "vizito huzama" sasa ana la kujieleza, kwa maana msumari mdogo uko chini na kipande kikubwa cha ubao kinaelea.