Meza ya Majaribio katika Tamasha la Sayansi la Watoto: Maana Yake Hasa

Tamasha la sayansi ni siku moja au kadhaa ambapo sayansi hutolewa darasani ikawekwa ukumbini, uwanjani au kwenye baraza ya shule, na watu wakaizungukia kama wanavyozungukia mabanda ya Sabasaba. La Edinburgh, Uskoti, lilianza mwaka 1989, na miji mingi imefuata mtindo huo. Ndani ya tamasha kuna mambo mengi, lakini linalowahusu zaidi watoto wa shule ya msingi ni moja: meza ya majaribio.

Neno hili huchanganywa na mengine mawili. La kwanza ni maonyesho ya miradi, ambapo mwanafunzi hufanya utafiti kwa miezi, kisha husimama mbele ya bango lake na kuhojiwa na majaji. Hivyo ndivyo yalivyo mashindano ya sayansi na uhandisi ya sekondari nchini Kenya, na yale ya Young Scientists Tanzania. La pili ni onyesho la jukwaani: mtaalamu anachanganya, moshi unatoka, watoto wanapiga makofi. Yote mawili yana faida zake, ila katika la pili mtoto ni mtazamaji tu.

Meza ya majaribio ni shughuli fupi, ya dakika tano hadi kumi, ambayo mtoto anabadilisha kitu kwa mikono yake, anaona kilichotokea, kisha anajaribu tena kwa namna nyingine. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mtoto akifanya mara moja akaondoka, amefuata maagizo. Akifanya mara ya pili kwa kubadilisha jambo alilolichagua mwenyewe, hapo amefanya jaribio.

Tuchukue meza moja na kuitazama kwa karibu: mashua ya foili, ile karatasi nyembamba ya aluminiamu.

Vifaa ni foili ya jikoni, beseni mbili zenye maji ya kina cha sentimita 8 hadi 10, gololi, rula, mkasi, matambara ya kufutia na ubao mdogo wa kuandikia. Foili ikatwe vipande vya mraba, sentimita 15 kila upande. Roli ya mita 10 yenye upana wa sentimita 30 hutoa vipande 132. Kila mtoto anahitaji viwili, kwa sababu foili iliyozama mara moja huwa imejikunja na kutoboka, na mashua ya pili ikivuja mtoto hatajua kama tatizo ni umbo lake au ni tundu. Kwa watoto 100, basi, zinunuliwe roli mbili.

Swali la meza ni hili: kipande hiki kinaweza kubeba gololi ngapi? Kabla ya kukunja, kila mtoto ataje idadi anayoikadiria na iandikwe ubaoni. Usimwonyeshe umbo la mashua, na usiweke mfano mezani, maana ukiuweka watoto wote wataiga huo huo. Wengi huanza na kitu chembamba chenye ncha, kama mtumbwi, kwa kuwa ndicho walichokiona ziwani au baharini. Mtumbwi wa namna hiyo hubeba gololi chache sana, na hilo ni jambo zuri, kwa kuwa linampa mtoto sababu ya kujaribu tena.

Sayansi yenyewe haina ugumu. Mashua huelea mradi uzito wake pamoja na shehena hauzidi uzito wa maji inayoyasukuma kando. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu moja, kwa hiyo mashua inayoweza kusukuma sentimita za ujazo 250 kabla maji hayajavuka ukingo hubeba kama gramu 250. Foili yenyewe ni gramu moja tu hivi.

Kwa watoto wa darasa la sita na la saba, hesabu hii inafaa kufanywa pale pale mezani. Kunja kuta zenye kimo cha sentimita 1: kitako kinakuwa 13 kwa 13, ujazo 169. Kunja kuta za sentimita 5: kitako kinabaki 5 kwa 5, ujazo 125. Kunja za sentimita 2.5: kitako 10 kwa 10, ujazo 250, na hapo ndipo kwenye kilele. Mtoto anayejua kuzidisha anaweza kukigundua kilele hicho kwa kujaribu vimo vinne au vitano. Wa darasa la kwanza na la pili wanahesabu gololi tu, na inatosha.

Pembe zisikatwe. Kosa hili hutokea kila mara: mtoto anakata pembe nne ili kuta zisimame vizuri, maji yanaingia kwenye mianya. Pembe zikunjwe kama za bahasha na kulazwa ubavuni.

Kosa la pili ni la wasimamizi wenyewe. Ili kuonyesha kwamba umbo ndilo linaloelesha na si uwepesi wa foili, msimamizi anaifinyanga foili kuwa kidonge, anakitupa majini akitarajia kizame, nacho kinaelea. Watoto wanacheka na somo linapotea. Sababu ni hewa iliyonaswa kwenye mikunjo. Aluminiamu ni nzito kuliko maji kwa mara 2.7, lakini kidonge hicho kwa ndani ni hewa kwa sehemu kubwa. Badala ya kuifinyanga, ikunje mara nyingi iwe bapa, ikandamize kwa mgongo wa kijiko, hewa itoke, ndipo itazama. Na ikiwa kidonge kimeshaelea mbele ya watoto, usikifiche. Waulize ndani yake kuna nini.

Kisha kuna gololi zenyewe. Ya kawaida, ya milimita 16, ina uzito wa gramu 5 hivi, kwa hiyo mashua ya ujazo wa 250 kihesabu ingebeba zaidi ya 40. Kwa vitendo huzama mapema, kwa sababu gololi hubingirika zote upande mmoja, mashua inalala na maji yanaingia juu ya ukingo ingali na nafasi tele. Ni kosa lile lile la jahazi lisilopangwa shehena wala kutiwa farumi, yaani uzito wa chini wa kukituliza chombo. Unaweza kuepuka usumbufu huu kwa kutumia sarafu au nati, ambazo hutulia, lakini gololi zina faida yake: mtoto analiona tatizo kwa macho. Kuna watakaokunja vijiukuta katikati ili kuzigawa, na wengine watatia mikunjo sakafuni mwa mashua zisibingirike. Msimamizi asiwatangulie. Kazi yake ni kuuliza: "Imezama kwa sababu imejaa, au kwa sababu imelala?"

Watoto sita kwa zamu moja wanatosha kwa beseni mbili, watatu kila beseni. Zamu ya dakika 10 kwa saa tatu ni zamu 18, yaani watoto 108. Ukiongeza watoto kwa zamu unapunguza lile jaribio la pili, na afadhali foleni ndefu kuliko hivyo. Sakafu ifutwe kila zamu, kwani maji kwenye saruji laini huangusha mtu. Gololi zihesabiwe asubuhi na jioni, na wadogo wa chini ya miaka mitatu waliokuja na mama zao wasiziguse, kwa hatari ya kukabwa.

Kwa kipimo kile cha kujaribu mara ya pili kwa kubadilisha jambo, unaweza kuipima meza nyingine yoyote. Ile "volkano" ya siki na bekingi soda, inayopendwa sana, kwa kawaida haifikii: mtoto anamimina, povu linafurika, basi. Lakini vitu vile vile vinaweza kuwa jaribio. Chukua chupa nne za maji za nusu lita, kila moja itiwe mililita 50 za siki. Weka bekingi soda ndani ya maputo manne: robo kijiko cha chai, nusu, kimoja na viwili. Visha kila puto mdomoni mwa chupa na ulisimamishe ili unga uanguke. Puto la nusu kijiko linalizidi la robo, la kijiko kimoja linalizidi la nusu, kisha la viwili linafanana na la kimoja. Siki ya asilimia 5 ya kiasi hicho huisha nguvu kwa gramu 3.5 hivi za soda, pungufu kidogo ya kijiko. Inayozidi inabaki chini ya chupa kama unga mweupe. Mtoto akishaliona hilo, mwache achague mwenyewe aongeze nini kwenye chupa ya nne. Akiongeza siki, puto linaanza kuvimba tena.

Angalia pakiti isiwe ya bekingi pauda. Hiyo ina tindikali na wanga ndani yake tayari, hesabu hazitakubali. Maputo nayo yapulizwe na kuachiwa mara moja kabla ya kuanza, la sivyo mpira mgumu utalizuia puto la robo kijiko lisionyeshe chochote.