Kabla ya kunyanyua gari, ulizia kasta

Wiki iliyopita nilikaa kiti cha abiria kwenye Land Cruiser 80 iliyonyanyuliwa milimita 50 kwa springi ndefu katika karakana nyingine. Mwenyewe alisema tangu siku hiyo safari za lami zinamchosha mabega. Sikuangalia barabara, niliangalia mikono yake. Tuko kilomita 90 kwa saa, barabara imenyooka, na mikono haitulii: kidogo kushoto, kidogo kulia, kidogo kushoto tena. Tulipokata kona kuingia barabara ndogo alilegeza usukani ili urudi wenyewe. Haukurudi. Ulibaki palepale mpaka akaurudisha kwa mkono.

Gari lilipopanda kwenye mashine ya alaimenti, inayopima pembe za magurudumu, kasta ilisoma digrii 0.4.

Nieleze hili vizuri, kwa sababu ndilo linaloharibu magari mengi yaliyonyanyuliwa na ndilo linalotajwa kidogo kuliko yote. Tazama gurudumu la mbele kwa ubavuni. Mhimili ambao gurudumu hugeukia haujasimama wima. Kichwa chake kimelala kidogo kuelekea nyuma. Ukiuchora mpaka chini, mstari unagusa lami mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Maana yake tairi linaburutwa nyuma ya mhimili wake, na kinachoburutwa hufuata kinakovutwa. Ndivyo magurudumu madogo ya toroli yanavyojipanga yenyewe ukianza kulisukuma. Mlalo huo ndio kasta, na ndio unaorudisha usukani katikati bila wewe kuushughulikia.

Kwenye gari lenye ekseli nzima mbele, yaani moja inayounganisha magurudumu yote mawili, kama hiyo 80, ekseli hushikwa na mikono miwili mirefu ya chuma inayorudi nyuma hadi kwenye chasisi. Ukiweka springi ndefu, chasisi inapanda, ncha za nyuma za mikono zinapanda nayo, na ekseli inainama kifudifudi. Mkono wa urefu wa mita 1, ncha yake ikipanda milimita 50, unageuka karibu digrii 2.9. Gari hilo hutoka kiwandani na kasta ya digrii 3 hivi. Piga hesabu mwenyewe kilichobaki.

Kwa milimita 50 dawa yake ni bushi, ile mipira ya kwenye viungo vya mikono, ambazo tundu lake halipo katikati: zinaizungusha ekseli irudi ilikokuwa. Ukipita hapo, bushi peke yake hazina nafasi ya kutosha. Utahitaji mabano ya kushusha ncha za mikono, au mikono mipya. Hapohapo kagua fito ya Panhard, ile inayoizuia ekseli isihame kushoto au kulia. Fito hiyo husafiri kwa tao, kwa hiyo ukinyanyua gari inaisukuma ekseli upande mmoja. Pia inatakiwa iwe sambamba na fito ya usukani. Nimeona magari ambayo fundi ameshusha moja akaiacha nyingine. Kila tuta dogo linazungusha usukani bila dereva kutaka.

Gari ambalo magurudumu ya mbele yanajitegemea lina shida zake. Mikono yake hushuka kwa pembe kali, gurudumu linabadilisha mlalo na mwelekeo, boljointi na viungo vya shafti vinafanya kazi karibu na ukomo wao. Alaimenti si hiari hapo, na mara nyingi mikono ya juu hubadilishwa ili kasta ipatikane. Kipande kinachowekwa juu ya springi ya shokapu ili kuikandamiza mimi sikipendi kabisa. Kinalipandisha gari kwa kula nafasi ambayo gurudumu lingeshukia. Ukipita bonde kwa kasi kwenye lami, shokapu inafika mwisho, unasikia "ngo!", na kwa kitambo kidogo tairi halina uzito wa kutosha kulishika barabara. Likitokea hilo katikati ya kona, gari linasogea pembeni.

Hayo yote yanarekebishika. Kimo chenyewe hakirekebishiki. Chukua nusu ya upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia, ugawanye kwa kimo cha kitovu cha uzito. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, hutumia uwiano huo katika kupanga nyota za hatari ya kupinduka. Gari lenye upana wa milimita 1,600 na kitovu kwenye milimita 750 lina 1.07. Linyanyue milimita 50, kitovu kitapanda pungufu kidogo, tuseme 45, kwa kuwa ekseli na magurudumu yamebaki chini. Uwiano unashuka hadi 1.01. Kwa macho ni tofauti ndogo, lakini siku unapomkwepa ng'ombe kwenye kilomita 100 kwa saa utaihisi mwili mzima.

Halafu mtu huyohuyo anafunga hema juu ya paa. Hema la kilo 60, mita 2 kutoka ardhini, kwenye gari la kilo 2,400, linapandisha kitovu cha uzito karibu milimita 30 nyingine. Yaani zaidi ya nusu ya ulichofanya kwa springi, tena bila faida yoyote kwenye mawe. Nikiulizwa kipi kiondolewe kabla ya safari ndefu ya lami, nasema hema.

Breki nazo. Magari mengi ya zamani ya aina hii yana vali nyuma inayopima mzigo kwa kijiti kilichounganishwa na ekseli. Chasisi ikipanda, vali inadhani gari ni tupu, na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Kazi inaangukia mbele, pua inainama zaidi, na dereva anaona gari limekuwa zito kusimama. Kurekebisha kijiti hicho ni kazi fupi sana, na bado naletewa magari ambayo hakijawahi kuguswa.

Tairi ukibadilisha kutoka 265/70R17 kwenda 285/70R17, kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 3.5 hivi. Ukisoma 100, unakwenda kilomita 103 na zaidi. Na taa za mbele zishushwe, zisiwapofushe wanaokuja.

Springi zenyewe zichaguliwe kwa mzigo unaobeba kila siku. Springi ya kubeba kilo 300 za ziada ikifungwa kwenye gari tupu inarukaruka kwenye lami yenye mikunjo, na shokapu isiyolingana nayo haitaituliza.

Ile 80 tuliifunga bushi, tukazikaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwani ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia zinajisokota na kuchanika mapema. Mashine ikasoma 3.1. Tulirudi barabara ileile. Kwenye kona alilegeza vidole, usukani ukajirudisha taratibu hadi katikati. Nimemwambia arudi baada ya kilomita 1,000, springi zikishakaa, tupime upya kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne.