Je, wajua kwa nini mtoto mkubwa hutoka bafuni na nywele zilizolowa lakini bado chafu?

"Umeosha nywele?"

"Nimeosha."

"Mbona bado zinanuka?"

"Mama, nimesema nimeosha!"

Ugomvi huu huingia nyumbani mtoto anapofika miaka minane, tisa au kumi, pale anapofunga mlango wa bafu na kukataa kuogeshwa. Mama anapitisha vidole kwenye kichwa kilicholowa, anakuta mafuta. Baba anasema mwacheni, si mtoto mdogo tena. Bibi naye anaonya kwamba nywele zikioshwa mara kwa mara zitakatika zote. Mtoto mwenyewe amesimama katikati yao na taulo shingoni, machozi yanamlenga, kwa sababu anajua alichokifanya bafuni na hakuna anayemwamini.

Mimi nilichelewa kuelewa kwamba mara nyingi mtoto huyu hasemi uongo. Nywele ameziosha kweli. Ambayo hajaiosha ni ngozi ya kichwa.

Unywele unaouona kwa macho umekwisha kufa. Hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo mwenye nywele za sentimita 30 amebeba ncha zilizochomoza miaka miwili na nusu iliyopita. Uhai uko chini, kwenye ngozi, ambako kuna mashina ya nywele yapatayo laki moja, na karibu kila shina lina tezi zake za mafuta. Mafuta hayo si uchafu. Yanailinda ngozi isikauke na kuufanya unywele uwe laini. Lakini yakikaa siku nyingi yakachanganyika na jasho, vumbi na magamba ya ngozi iliyokufa, bakteria hupata chakula, na hapo ndipo ile harufu nzito inapotoka. Aliyelowesha nywele na kupaka sabuni juu juu ameosha kilichokufa, akakiacha kinachozalisha mafuta.

Sasa kwa nini ugomvi uzuke umri huu, wakati mtoto yuleyule alipokuwa na miaka mitano alioshwa mara moja kwa wiki na hakuna aliyelalamika? Kwa sababu kichwa chake kimebadilika. Kati ya miaka sita na minane hivi, tezi ndogo zilizokaa juu ya figo huanza kutoa homoni zinazoziamsha tezi za mafuta, na kikwapa nacho huanza kuwa na harufu ya mtu mzima. Hilo hutangulia kubalehe kwenyewe, ambako kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, na 9 na 14 kwa wavulana. Mabadiliko haya huja kimya kimya. Mtoto anaendelea na utaratibu aliofundishwa akiwa mdogo, utaratibu uliomfaa kabisa mwaka juzi, na ghafla anaambiwa ni mchafu. Baba anayesema "mbona zamani hakuwa na shida" anasema kweli pia, ila anazungumzia kichwa ambacho hakipo tena.

Halafu kuna pua. Pua ya binadamu huizoea harufu inayokaa nayo, na baada ya muda mfupi huacha kuitambua. Mtoto anaishi na kichwa chake saa zote, hawezi kuisikia harufu ambayo wewe unaisikia ukimkumbatia. Ndiyo maana neno "unanuka" humchoma vile. Wewe unadhani umempa taarifa, yeye amesikia tusi lisilo na ushahidi. Nadhani hapa ndipo tunapowaumiza zaidi, maana maneno kuhusu mwili katika umri huu hayasahauliki upesi.

Siku moja nilimwomba mwanangu wa miaka kumi anioneshe anavyoosha, akiwa na nguo ya kuogelea, mimi nimesimama pembeni bila kusema kitu. Alilowesha kichwa kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Akamimina sabuni kiganjani, akaibandika utosini na kusugua palepale kwa viganja bapa, macho ameyafumba kwa nguvu. Povu likasimama kama kofia nyeupe. Nyuma ya masikio pakavu. Kisogoni pakavu kabisa, nywele zimelala kama alivyoamka nazo. Akajimwagia maji, akageuka, akaniambia amemaliza, na uso wake ulionesha anaamini hivyo.

Kila alichokosea kina sababu. Unywele umefunikwa na utando mwembamba wa mafuta unaosukuma maji, kwa hiyo maji ya haraka huteleza juu bila kufika kwenye ngozi, hasa kama nywele ni nyingi. Kichwa kinahitaji kulowa kwa dakika nzima au zaidi kabla ya sabuni. Utosi na paji la uso ndivyo anavyoviona kwenye kioo, lakini kisogo chake hajawahi kukiona, na anachoka kuinua mikono kukifikia. Macho anayafumba kwa kuogopa sabuni, kwa hiyo anaharakisha kila hatua ili amalize.

Na povu linadanganya watu wazima sembuse mtoto. Kila chembe ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Ule wa mafuta hung'ang'ania uchafu, ule wa maji hubaki nje, chembe nyingi zikazunguka tone la mafuta na maji yakapita nalo. Kazi hiyo hufanyika kwenye ngozi, vidole vikiwa vinasugua. Povu ni hewa tu iliyonaswa, na mafuta hulipunguza. Kichwa kikiwa na mafuta mengi, sabuni ya kwanza hutoa povu haba. Mtoto akiongeza sabuni mpaka povu lijae, amerundika tu juu ya utosi. Afadhali asuuze, kisha aoshe mara ya pili kwa sabuni kidogo.

Kusuuza nako kunahitaji subira. Sabuni iliyobaki hukauka, ikawasha, ikaacha vumbi jeupe ambalo watu huliita mba. Mba wenyewe unahusiana na kuvu aitwaye Malassezia, anayeishi kwenye vichwa vyetu na kula mafuta ya ngozi. Ndiyo maana si kawaida kwa mtoto ambaye bado hajakaribia kubalehe.

Nirudi kwa bibi, kwa sababu hoja yake haistahili kudharauliwa. Kwenye nywele za singa mafuta huteremka kirahisi mpaka kwenye ncha, na kichwa huonekana kimelowa mafuta baada ya siku mbili tatu. Kwenye nywele za kipilipili mafuta hukwama kwenye mizunguko ya unywele. Ngozi inaweza kuwa na mafuta tele huku ncha zimekauka na zinakatika, na kuosha kila siku huzidisha ukavu huo. Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani huwashauri wazazi wa watoto wa miaka 8 hadi 12 waoshe nywele mara 1 au 2 kwa wiki, na kwa watoto weusi kila baada ya siku 7 hadi 10. Mtoto akitoka jasho jingi au akiogelea, ataosha zaidi. Kubalehe kukishaanza, mwenye nywele za singa zenye mafuta anaweza kuhitaji kuosha kila siku au siku moja baada ya nyingine. Ukisikiliza vizuri mabishano ya nyumbani utagundua kila mtu anatoa sheria ya kichwa chake mwenyewe, wakati mtoto huenda amerithi nywele za upande mwingine wa familia.

Mengine ni ya kuyaweka kando haraka. Nywele zilizolowa hazileti mafua, mafua huletwa na virusi. Chawa si dalili ya uchafu, huhama kichwa kimoja kikigusana na kingine, na sabuni ya kawaida haiwaui.

Ila kuna mtoto ambaye kumfundisha hakutoshi. Wapo ambao maji yakitiririka kichwani huwa kero isiyovumilika, au ambao hatua nyingi mfululizo huwapotea njiani. Kwa hao kukaripia hakuleti kitu. Husaidia kugawa kazi, leo kichwa, kesho mwili. Na yule aliyekuwa akiosha vizuri kisha akaacha ghafla, pamoja na kuacha mambo mengine aliyoyapenda, usianze na sabuni. Kaa naye umuulize ana nini moyoni.

Kwa mwanangu niliacha kukagua kichwa mlangoni. Niliinamisha changu mbele yake nikamwomba anioshe mimi. Nikamwambia atumie ncha za vidole, si kucha, aanzie kisogoni, apite nyuma ya masikio, utosi awe wa mwisho. Alianza kwa woga. Vidole vikapanda polepole kutoka shingoni, vikasimama, vikarudi chini tena kana kwamba vinapima.

"Mama," akasema, "kumbe huku nyuma ni pakubwa hivi!"