Je, wajua kwa nini njia ya kimbunga hutabirika kuliko nguvu yake?

Kimbunga Otis kilipiga Acapulco, Mexico, usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 2023, kikiwa na upepo wa kilomita 260 hivi kwa saa. Siku moja na nusu kabla ya hapo kilikuwa dhoruba tu, na kilitarajiwa kufika nchi kavu kikiwa dhoruba vilevile. Kilichowapiga chenga watabiri ni nguvu. Ndani ya saa 24 kasi ya upepo ilipanda kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, ilhali wataalamu huhesabu hata ongezeko la kilomita 55 katika muda huo kuwa ni la ghafla.

Kuni za kimbunga ni mvuke wa bahari. Maji yakifika nyuzi joto 26.5, na joto hilo likashuka hadi mita 50 hivi chini, mvuke hupanda kwa wingi. Juu angani hugeuka matone na kuachia joto uliloliteka baharini: kilo moja ya mvuke inatosha kuchemsha karibu lita 8 za maji ya bomba. Hewa iliyopashwa hupanda zaidi, mgandamizo katikati hushuka, na hewa ya pembeni hukimbilia huko. Upepo unavyozidi, ndivyo unavyovukiza maji mengi zaidi. Moto unajipulizia wenyewe.

Hewa hiyo haiendi katikati moja kwa moja; mzunguko wa dunia huipinda. Karibu na ikweta mpindo huo ni dhaifu mno, ndiyo maana ni nadra vimbunga kuzaliwa chini ya nyuzi 5 za latitudo, na Mombasa, iliyo nyuzi 4 kusini, ina hofu ndogo kuliko Mtwara iliyo nyuzi 10. Kisha ukuta wa mawingu unaolizunguka jicho, yaani kitovu kitulivu cha kimbunga, hujibana. Funga jiwe kwenye kamba, lizungushe, halafu vuta kamba kuelekea mkononi: jiwe huenda mbio zaidi. Vimbunga vidogo hujibana upesi sana. Hufifia upesi pia.

Vinavyokiharibia kimbunga ni hewa kavu ikipenya ndani, maji baridi ambayo kimbunga chenyewe huyakoroga kutoka chini, na upepo mkinzano: hewa ya chini ikielekea huku na ya juu kule, mnara wa mawingu huinama na joto hutawanyika.

Sasa, njia ya kimbunga huamuliwa na mikondo mikubwa ya upepo, yenye upana wa maelfu ya kilomita, ambayo setilaiti na maputo ya hali ya hewa huiona vizuri. Nguvu huamuliwa ndani ya ukuta wa jicho, pete yenye unene wa kilomita kumi au ishirini. Modeli za kompyuta za dunia nzima huigawa anga katika miraba, na iliyo bora ina upande wa kilomita 9 hivi; unene wote wa ukuta wa jicho huangukia mraba mmoja au miwili. Ni kama kusoma maandishi madogo kwa miwani ya mtu mwingine.

Isitoshe, vipimo vya ndani ni adimu. Marekani hurusha ndege hadi ndani ya kimbunga na kudondosha vipimo vyenye parachuti. Iliyoingia Otis ilikuta upepo mkali kuliko ulivyokadiriwa kwa setilaiti. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hakuna safari za namna hiyo za kawaida. Kituo cha utabiri wa vimbunga kilichoko kisiwa cha La Réunion hukadiria zaidi kwa kusoma umbo la mawingu, kwa mbinu aliyoibuni mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Vernon Dvorak, miaka ya 1970. Kosa la kilomita 20 kwa saa si ajabu. Wala si dogo: msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi, hivyo kutoka 150 hadi 170, bati la paa husukumwa kwa asilimia 28 zaidi.

Pwani yetu imeona pande zote mbili. Kimbunga Kenneth kilijiongezea nguvu upesi, kikapita karibu na Ngazidja, Komoro, na kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019. Kimbunga Hidaya kilipoteza nguvu kilipoingia Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kwa hiyo unapopokea taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kwenye simu, kabla ya rangi ya onyo, tazama saa iliyotolewa. Ya jana jioni imekwisha chacha.