Maganda ya korosho sawa, ila mzigo ni klinka

Wandugu wa Mtwara na Lindi, tukija huku kutoa elimu ya kupunguza hewa ukaa, ile inayopasha dunia joto, swali halikosi, kwanini viwanda vya saruji visichome maganda ya korosho na yamejaa kila kona? Yanachomeka, yana mafuta, yanawaka vizuri tu. Ila hapo umebadili kuni, mboga ni ileile.

Waliowahi kuchoma chokaa ya matumbawe kule Kilwa wanalijua hili, jiwe linaingia tanuruni zito linatoka jepesi. Kilo 100 za jiwe la chokaa safi zinabaki 56, hizo 44 zimepaa kama hewa ukaa na haikutoka kwenye moto, imetoka kwenye jiwe lenyewe. Klinka, yaani vinundu vya jiwe la chokaa lililopikwa ambavyo husagwa kuwa saruji, nayo inapikwa kwenye nyuzi joto kama 1450 na zaidi ya nusu ya hewa ukaa yake inatoka kwenye jiwe, kwahiyo hata uchome gesi ya Mnazi Bay bado.

Kinachotakiwa ni kupunguza klinka kwenye mfuko, na hapa ndo taka zinaingia: slagi, yaani mabaki ya tanuru la kuyeyusha mawe ya chuma (iwe imepozwa ghafla kwa maji, ikipoa taratibu haisaidii sana), majivu ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, unga wa matofali ya kuchoma yaliyovunjika, majivu ya pumba za mpunga. Silika iliyomo (madini kama ya mchanga) inaungana na chokaa inayobaki ndani ya zege na kuongeza gundi.

Pumba zina masharti yake lakini. Zichomwe chini ya nyuzi 700 hivi, moto ukizidi silika inalala, haiungani tena vizuri na chokaa, majivu yakiwa meusi kaboni bado imo na inakunywa maji ya zege, alafu yasagwe laini kabisa. Sasa fundi usichote majivu ya jikoni ukaenda kuchanganya kwenye nguzo za nyumba ya mtu! Ya korosho nayo mpaka yapimwe maabara kwanza.

Dukani soma mfuko, alama ya CEM inakuonyesha aina ya saruji. CEM I ni klinka karibu tupu, CEM II/A ina vitu vingine asilimia 6 mpaka 20, CEM II/B 21 mpaka 35. Wengi wanaiita ya kuchanganya feki, sio kweli, nguvu angalia namba, 32.5 au 42.5. Yenye majivu inakomaa polepole tu, kwahiyo msikimbilie kung'oa mbao za slabu na mwagilieni maji wiki 2 badala ya moja.